Tone Moja la Kujaribu

Jumatatu, 14 Januari 2008. Kawangware 46.
Wayua analala kitandani kwangu, mimi sakafuni. Dadangu ana saratani ya titi, na kule kwake Kibera kunawaka moto tangu uchaguzi, nikamleta huku. Mumewe Oketch amebaki kule kule, mtaa wa Kisumu Ndogo, kulinda nyumba. Kibanda chake cha samaki wadogo, omena, pale soko la Toi kilishaungua. Sindano ya Wayua ya kila mwezi ni keshokutwa na kliniki imefungwa. Oketch anasema ataileta mwenyewe. Mdomo tu!

Jumanne, 15 Januari.
Ameileta. Kwa miguu, ndani ya flaski ya chai iliyojaa barafu. Wayua akalia kwa furaha. Mimi nikileta asali debe zima, nani hulia? Eti Nafuna, yule nesi wa kliniki, alimfungulia mlango wa nyuma, na kesho atapita kumdunga. Wapi! Hii ni feki. Nitamuumbua.

Jumatano, 16 Januari.
Miaka kumi na miwili nauza asali ya Kitui. Ya kuchanganywa na sukari guru huyeyuka majini. Halisi huzama ikatulia. Wayua alipoenda kuoga, nikachovya ncha ya sindano kwenye gilasi ya maji, nikasukuma tone. Likazama. Likawa jeupe, likaganda. Halisi kabisa! Niliona aibu kidogo. Nikairudisha polepole.

Saa nane Nafuna akaja. Akasukuma, haitoki. Akabadilisha ncha, bado. Akaeleza kwamba dawa imetiwa kwenye plastiki ya majimaji isiyoyeyuka majini. Ikigusa unyevu wa mwili inaganda chini ya ngozi, halafu inaachilia dawa kidogo kidogo mwezi mzima. Akauliza nani ameitia maji. Nikasema labda ni barafu ya Oketch. Mungu nisamehe! Oketch, aliyelala kwetu jana, akafunga kamba za viatu, akasema anaenda kutafuta nyingine. Leo kuna maandamano, barabara zote zimefungwa. Ningeweza kusema. Sikusema.

Ijumaa, 18 Januari.
Oketch hajarudi. Simu yake imezimwa. Wayua amekaa mlangoni na shuka mabegani, hataki kula. Nilimpikia uji, nikatia asali yangu bora. Haukuguswa. Naogopa sana.

Jumapili, 20 Januari.
Amerudi! Amepigwa rungu, jicho moja limefumba kabisa, lakini flaski ameikumbatia. Nafuna amemdunga Wayua. Kuna kauvimbe kadogo chini ya ngozi, kama njegere. Tumeomba pamoja. Kisha Oketch akaniomba mimi msamaha kwa ile barafu. Mimi! Nikatoka nje nikalia. Nimeapa sitagusa dawa ya mtu tena.

Sasa amelala. Kando yake kuna chupa ya dawa ya macho, kapewa njiani na mtu asiyemjua. Asiyemjua! Shemeji huamini kila mtu, na jicho zima amebaki nalo moja tu. Lazima mtu amwangalilie.

Tone moja tu. Gilasi nimeshaisuuza.