Nyumba Yangu Kupewa Alama Nne kwa Ishirini

Kwa Mheshimiwa Mwenyekiti,
Kamati ya Majengo ya Kale,
Halmashauri ya Mji.

Mheshimiwa,

Pole na kazi, na poleni na mvua. Mimi shule niliacha nikiwa na miaka kumi na tatu, kwa hiyo nikikosea mahali unisamehe. Nina machungu na nyumba yangu ya mbao ya Mtaa wa Tyne, namba 14. Mtu wenu, Bwana Haddow, alikuja Jumanne, akanywa chai yangu, akala vipande vitatu vya keki ya tangawizi, kisha akaipa nyumba alama nne kwa ishirini. Anasema haifai kuandikwa urithi wa mji.

Nikwambie ukweli kwa nini naitaka hiyo hati ya urithi. Tangu niteleze ngazini, binti yangu Raewyn ananisihi niuze nikakae kwake, mji wa Gore. Mnunuzi anataka kiwanja tu, nyumba ataisagasaga. Na mimi mtoto wangu sijawahi kumnyima kitu, mdomo unagoma. Mkiiandika urithi nitamwambia, "Si mimi, mwanangu, ni Halmashauri." Yaishe.

Malalamiko yangu ni haya:

1. Bwana Haddow amesema nakshi za kibarazani si za enzi za Malkia Viktoria, ni za mwaka 1974. Kweli, za kwanza zilioza, na marehemu mume wangu Selwyn akazichonga hizi kwa msumeno wa mkono, vipupwe viwili vizima. Sasa huyo Malkia yeye alichonga ipi?

2. Amesema nyumba imeinama. Imeupa mgongo upepo wa kusini miaka mia na thelathini, Mheshimiwa. Wewe ungesimama wima?

3. Amesema wadudu wametoboa sakafu. Wadudu hao ukoo wao umo humu tangu 1892. Kama ni ukongwe, mtaani hakuna familia ya kuwashinda, na hawakupewa hata alama moja.

4. Amesema kanuni yenu ni kwamba kinachoonekana kutoka barabarani kisibadilishwe. Hapo ndipo aliponifumbua macho. Mimi niliingia humu bibi harusi mwaka 1968, na kila asubuhi nakaa dirisha la mbele, mji mzima unaniona. Sijabadilishwa kitu ila nyonga moja ya chuma, nayo iko upande wa nyuma. Naomba basi niandikwe pamoja na nyumba, nisihamishwe wala kupakwa rangi bila kibali. (Raewyn ana hamu sana na nywele zangu.)

5. Iandikwe pia kwamba nyumba ikishang'olewa mahali pake si nyumba tena, ni kuni. Hilo halina mjadala.

Nisalimie kamati yote, na yule mama anayepokea simu na mafua yake, anywe limau na asali. Bwana Haddow mwambie keki bado ipo, sina kinyongo.

Wako mtiifu,
Noeline Crombie

Nyongeza: Barua hii imelala kwenye droo ya jikoni miezi mitatu. Raewyn alipokuja nilimpa aisome yeye kwanza, maana mdomo uligoma tena. Alicheka mpaka akakaa sakafuni na wale wadudu. Akasema, "Mama, kwani nani alikwambia uje bila nyumba?" Mumewe, Murdo, ana rafiki mwenye lori la kubebea nyumba za mbao. Alhamisi waliikata katikati kama keki, wakaipakia, nami nikafuata nyuma kwa gari nikila mkate wa yai, nikiutazama mlango wangu wa mbele ukipita kati ya kondoo, na watu wakiupungia mkono. Sijacheka hivyo tangu harusi yangu. Sasa iko nyuma ya nyumba ya Raewyn, imeinama vilevile, na nakshi za Selwyn hazikuvunjika hata moja.

Kwa hiyo futeni namba tano. Na ya nne. Futeni tu zote. Bwana Haddow asihangaike kurudi namba 14, hatakuta kitu ila ngazi tatu, tulizisahau. Ndizo zile nilizotelezea. Hizo mkitaka, ziandikeni.