Kampeni ya Chumba cha Chini ya Ngazi

Jumatatu, 3 Juni

Mke wangu ametoa amri. Leo kakuta skrubu kwenye mchuzi. Ndogo tu! Ya redio ya mwalimu mmoja aliyeniletea niitengeneze, tena nilikuwa naitafuta tangu juzi. Badala ya kufurahi kwamba imepatikana, kasema Jumatatu ijayo akikuta redio zangu bado ziko mezani, atazishusha mwenyewe kupitia dirishani. Tunakaa ghorofa ya tatu. Na mke wangu hatanii.

Dawa ni kile chumba kitupu chini ya ngazi. Anayekigawa ni mwenyekiti wa wakazi wa jengo, na mwenyekiti anachaguliwa Jumapili. Nimejitosa! Kinyozi wa chini naye kajitosa. Anakitaka aweke viti vya wateja wanaosubiri. Wateja gani? Ninaowaona ni watatu, na mmoja ana upara.

Jumanne, 4 Juni

Kinyozi anapendwa kwa sababu anaongea na watu. Mimi kuongea na watu kunanichosha. Basi nimeweka kwenye simu programu ya akili bandia: inajibu ujumbe wote kwa jina langu, mimi niko zangu na redio. Nimeipa maagizo. Amkia kwa heshima, toa pole, sifu, kubali kila ombi. Kisha nikazima mlio wa simu. Kumbe siasa haina kazi!

Jumatano, 5 Juni

Mambo moto! Bibi wa ghorofa ya juu kanisimamisha kwenye ngazi, kanishika mikono yote miwili. Kasema miaka yote aliyokaa hapa hakuna jirani aliyewahi kumuuliza habari za goti lake, tena kutwa nzima. Goti gani? Nikatabasamu. Mlinzi wa getini kanipigia saluti. Kinyozi nimempita kakaa mlangoni kwake, kitambaa shingoni, nikamsalimu, akanipungia mkono tu. Maringo hayo! Ameshaingiwa na hofu.

Nyumbani ndiko kuna mushkeli. Mke wangu alituma ujumbe nirudi na vitunguu. Akajibiwa shikamoo mama, hoja yako ni nzito, nitaishughulikia nikichaguliwa. Ananiuliza tangu lini amekuwa mama yangu. Vitunguu sikuleta.

Ijumaa, 7 Juni

Balaa! Nimeamka kundi zima la jengo linanisifu kwa ukarimu. Ukarimu upi? Nikafungua simu. Jana kinyozi aliandika, mbele ya watu wote, akiuliza kama nikishinda nitamwachia chumba cha chini ya ngazi. Nikajibu, yaani ikajibu, bila shaka ndugu yangu, chumba ni haki yako, na rangi nitapaka mwenyewe. Hadi rangi imechagua. Kijani!

Nimeandika haraka kwamba si mimi, ni mashine. Bibi akauliza, basi goti lake nalo lilikuwa linaulizwa na nani? Nikajibu kwamba chumba ni mashine, goti ni mimi.

Jumamosi, 8 Juni

Liwalo na liwe. Programu ile ile inaiga sauti za watu. Ninayo sauti ya kinyozi ya mwaka jana, aliponiomba nimtengenezee mashine ya kunyolea. Nikailisha simu. Punde si punde kinyozi akawa anaongea kiganjani mwangu, na mkwaruzo wake vilevile! Nikamfanya aseme kwamba Bibi ni mzigo kwa jengo, na mlinzi ni mvivu, atamfukuza. Nikairusha kwenye kundi kwa laini mpya, nikajiita Jirani Mkweli.

Jengo limewaka. Mimi nikaandika, kwa vidole vyangu safari hii, kwamba nimesikitika mno.

Jumapili, 9 Juni

Sitaki hata kuandika. Ila naandika.

Mkutano ulikuwa uani. Nilikaa mbele kabisa. Mlinzi akaicheza ile sauti, watu wote wakamgeukia kinyozi. Naye akainuka, akachukua kibao chake cha bei, akafuta, akaandika kwa chaki: alipasuliwa koo wiki iliyopita, daktari kamkataza kuongea mwezi mzima. Jengo zima lilijua! Alitangaza kwenye kundi siku ile ile ya Jumanne. Tena wa kwanza kumpa pole ni mimi. Nimemwombea hata sauti irudi upesi.

Nikapayuka kwamba huo si ushahidi, mbona ile sauti nimeichukua mwaka jana akiwa mzima. Ndipo nikasikia ninachosema. Bibi akageuza kiti chake, akanipa mgongo. Heri angenitukana.

Kinyozi kapata kura zote kasoro moja. Mke wangu ananiuliza hiyo moja niliipigaje bila haya.

Kumbe jamaa ana roho nzuri, inaudhi. Akaandika kwamba viti vyake vitakaa nje, chumba nipewe mimi, kwa sharti moja: kesho nipite mlango kwa mlango kuomba radhi kwa mdomo wangu mwenyewe. Bibi akaongeza kwamba anataka kuulizwa habari za goti, ana kwa ana. Nikaona aibu ya kweli.

Jumatatu, 10 Juni

Mke wangu kafungua dirisha. Kasimama karibu na redio.

Lakini milango yote ile! Na maneno yenyewe nitayatoa wapi? Nimewaza, nikapata. Mashine imeniandikia radhi tamu ajabu, ina kwikwi katikati, na goti limo. Nikaiambia iisome, sikugusa mpangilio wa sauti, ikaendelea ilipoishia juzi. Simu inakaa mfuko wa shati, mimi kazi yangu ni kuchezesha midomo. Kwani midomo si yangu? Nimejaribu mbele ya kioo cha chumbani: hata kwikwi tumeenda sawa.

Mke wangu kapaza sauti kutoka sebuleni. Anauliza kinyozi amepona lini, na anafanya nini chumbani kwetu.

Maskini, masikio yake nayo yameanza kuchoka. Naanza na mlango wa Bibi.