Bata wa Bosi na Benchi la Mlangoni

Jumapili, 3 Machi
Sijalala tangu Bosi azaliwe. Bosi ni mwanangu, meno mawili, sauti ya mwanaume mzima. Leo ibada ya asubuhi na ya mchana, kama kawaida. Kanisa letu ni dogo. Tulijitenga na lile kubwa kwa sababu ya kinanda. Sisi tunaimba Zaburi kwa mdomo mtupu. Chombo cha muziki, mwiko.
Nalitaka benchi la mlangoni. Ukikaa pale unachomoka na mtoto hadi stoo, unajilaza kwenye mkeka, mahubiri yanakupita. Tatizo Mama Mkubwa, mke wa Mzee Fundi Saa. Nimemwomba kwa adabu. Kasema mgongo wake umelizoea.

Jumatano, 6 Machi
Mpango! Bosi ana bata wa plastiki. Ukimzungusha ufunguo mgongoni, anaimba. Mama Mkubwa hapendi kelele. Nitamficha bata chini ya benchi. Atahama mwenyewe.

Jumapili, 10 Machi
Bata kaimba katikati ya sala ya Mchungaji. Wimbo mzima, akarudia. Mama Mkubwa hakutikisa hata kope. Waliotikisika ni wazee wa kanisa. Mzee Fundi Saa kamtoa bata kwa kitambaa, kama panya aliyekufa. Kauliza nani kamzungusha. Nikamtazama Bosi. Mungu anisamehe, nilimtazama kwa huzuni kabisa.

Ijumaa, 15 Machi
Baraza la wazee limekaa kumjadili bata. Mzee Fundi Saa kampasua kwa bisibisi, kaonyesha springi na meno ya chuma: hiki ni chombo, mwenye nacho atengwe na meza ya Bwana. Mzee Muuza Mbao kapinga: chombo lazima kiwe na mpigaji, hiki ni cha kuchezea tu. Nitengwe mimi, mama mkwe asikie? Nikasimama nikiri yaishe.
"Kaa chini, binti," akasema Muuza Mbao. "Hapa hatukuzungumzii wewe. Tunazungumzia kanuni."
Mchungaji kashika kichwa.

Jumapili, 17 Machi
Tumegawanyika. Fundi Saa kabaki na jengo, maana funguo anazo yeye, na Mchungaji kabaki naye. Muuza Mbao katoka na wote wa upande wa kushoto. Wasalie wapi? Baba Bosi kanyoosha mkono: sebuleni kwetu. Hakuniuliza. Nimemwambia leo ajipikie, na chumvi ikizidi ale hivyohivyo.

Jumapili, 24 Machi
Ibada mbili, sebuleni kwangu. Muuza Mbao anamshinda Mchungaji kwa urefu wa mahubiri. Nilijitengea kiti cha karibu na chumba cha kulala. Nikaenda kumbadilisha Bosi nepi, kurudi kimekaliwa. Mama Mkubwa! Kamwacha mumewe kule, kahamia kwetu. Kafungua mkoba, katoa bata, mzima. Mumewe havumilii kitu kibovu. Kampasua, kisha kamtengeneza.
"Mzungushe, mwanangu," akaninong'oneza. "Pale mlangoni nilikuwa nasinzia tu. Siku ile ya bata ndiyo mara ya kwanza nimekaa macho."
Sikupata hata lepe la usingizi.
Lakini uvunguni kuna tarumbeta ya Bosi, na hiyo ina mpigaji. Jumapili ijayo italia kwa bahati mbaya katikati ya sala. Watagombana, watagawanyika, na safari hii watahamia kwa mtu mwingine. Hapo siwezi kukosea.