Mguu Usiguse Chini

Jumatatu, 3 Julai

Nimekwisha. Chama cha Baiskeli cha Santa Rita, chama nilichokianzisha mimi, sebuleni kwangu mimi, kwa chokoleti ya moto na jibini ya mke wangu, leo kimenikalia kikao. Kosa langu? Mwaka jana, siku ya Bikira wa Karmeli, tulipopanda mlima wa Pizarra kwenda kanisa dogo la juu, nilishuka kwenye Kona ya Punda nikasukuma baiskeli. Mwaka juzi pia. Mwaka wa nyuma yake niliumwa tumbo, ule hauhesabiwi. Wameuhesabu.

Anselmo Pulido, mwoka mikate, ndiye aliyesimama kusema. Kwa upole! Mtu huyu hata kukunyonga atakunyonga kwa upole. Akasema hakuna mwenye kinyongo na Don Leovigildo, yaani mimi, jamani, ila sheria ni sheria: mguu ukigusa chini kabla ya kufika kanisani, mtu hajapanda. Na nikishindwa tena tarehe kumi na sita, siku ya Bikira, basi nipumzike. Nitapewa nafasi kwenye pikapu yake ya mikate, niwe nagawa machungwa. Wote wakaitikia, hata wale niliowafundisha kuziba pancha.

Machungwa! Mimi! Nina miaka hamsini na minne, duka la rangi linalosuasua, na watoto wanaonipigia simu Krismasi. Chama hiki ndicho kitu pekee nilichowahi kuanzisha kikasimama. Wakinitoa humo, Jumapili nitakuwa nani? Chakula kilinishinda. Obdulia, mke wangu, akauliza kama viazi ni vibichi. Nikamwambia viazi havina kosa.

Jumanne, 4 Julai

Nimegundua! Si mimi, ni uzito wa baiskeli. Nimeng'oa kengele, kioo, taa, na kile kishikio cha chupa ya maji. Breki ya nyuma nayo nimeitoa. Nani anafunga breki akipanda mlima? Nimeipima kwenye mizani ya viazi, imepungua kabisa. Obdulia aliitazama mizani, halafu akalitazama tumbo langu. Nilijifanya sikuona.

Alhamisi, 6 Julai

Nilisahau kwamba kinachopanda hushuka.

Kupanda kwenyewe sikufika mbali. Koo lilikauka, maji sina, nikaanza kuona nyota saa nne asubuhi. Nikageuza kabla ya Kona ya Punda. Hapo ndipo nilipoikumbuka breki ya nyuma. Nilipita ng'ombe wawili na bibi mmoja aliyejifanyia ishara ya msalaba, nikaishia katikati ya shamba la viazi, kichwa kwenye tuta.

Nani alinitoa? Anselmo! Kwa nini asiwe mtu mwingine yeyote katika mkoa mzima wa Boyacá? Alinipangusa udongo, akanipa mkate wenye pera tamu ndani. Niliula kwa hasira. Halafu akaanza kunifundisha. Eti nakanyaga gia nzito mno, naiponda pedali kama mtu anayetwanga mahindi. Eti miguu izunguke haraka na kwa wepesi, nibadilishe gia kabla ya mwinuko, si wakati roho inanitoka. Eti nisiuvute usukani, hautang'oka. Eti ninywe maji kabla ya kiu.

Nilimshukuru. Mpinzani anayekupa siri zake bure ana lake jambo.

Ijumaa, 7 Julai

Mtego umejionyesha. Asubuhi nimekuta mlangoni kifurushi cha karatasi ya mikate. Ndani, gia ya nyuma ya akiba ya Anselmo, ile nyepesi kuliko zote, pana kama sahani ya supu. Na salamu zake: nimwachie Fundi Wilches anifungie.

Ndiyo! Nipite mbele ya mji mzima na gia ya watawa, miguu ikichezacheza kama ninakoroga uji! Mwanamume wa Boyacá hupanda kwa gia nzito au hapandi. Nikaitupa jikoni. Obdulia akauliza kama naitaka. Nikamwambia aifunikie sufuria.

Jumapili, 9 Julai

Jana nilimchungulia Anselmo alipokuwa anapakia mikate. Nimeijua siri yake ambayo hakunipa: kiti cha baiskeli yake kiko juu sana. Nilikipima kwa fimbo, nikarudi mbio nyumbani, nikainua changu mpaka kikalingana na fimbo.

Anselmo ni mrefu. Jambo hili nililijua, lakini sikulipa uzito unaostahili.

Pedali nilizifikia kwa ncha za vidole tu, nyonga zinayumba huku na huko, kiti kinanikata sehemu ambazo shajara hii haitazitaja. Leo kanisani sikuweza kukaa. Nilisimama misa nzima, tangu wimbo wa kwanza mpaka baraka. Padre akanisifu mbele ya watu kwa uchaji wangu. Obdulia alijifunika uso na shali, mabega yakimtikisika. Naamini alikuwa anasali.

Kiti nimekishusha. Nimekishusha sana, sasa magoti yananigonga kidevu. Sijui nitashika lipi. Nimelala kifudifudi na ninaandika hivyo hivyo.

Jumatano, 12 Julai

Nimeokoka!

Nilikwenda Duitama kununua brashi za duka, nikaona dirishani viatu vya mbio, vile vyenye chuma chini kinachonasa kwenye pedali. Muuzaji akanieleza: ukitaka kutoka, unapindua kisigino kwa nje, kiatu kinaachia. Akasema springi ya pedali zake ilegezwe mpaka nizoee.

Nikasimama pale dukani, mwili wote unanisisimka. Sheria inasema mguu usiguse chini. Sasa mguu usioweza kutoka utagusaje chini? Lo! Kwa nini hakuna aliyewahi kuwaza hili? Nikamwambia asilegeze, akaze. Akakaza. Nikamwambia aendelee mpaka mwisho wa skrubu. Akaniuliza, mzee, sasa utasimamaje? Nikamjibu sijaja kununua viatu vya kusimamia.

Nimesahau brashi.

Ijumaa, 14 Julai

Nimeanguka mara tatu mbele ya duka langu mwenyewe. Ninaanguka polepole, huo ndio ubaya wake. Mtu anapata nafasi ya kuwasalimu wapita njia kabla hajafika chini. Mara ya mwisho sikuweza kabisa kujinasua. Obdulia alinifungua kamba, akanichomoa kama anayemenya ndizi, viatu vikabaki vinaning'inia kwenye baiskeli. Akaniuliza kwa sauti ya chini kwa nini najitesa. Nikamwambia yeye hawezi kuelewa. Akasema kumbe.

Naye siku hizi haonekani asubuhi. Anasema anampelekea mama yake maziwa huko juu Pizarra, kwa ile baiskeli yake kuukuu. Hurudi mashavu mekundu, anaimba. Sina nguvu ya kuuliza. Nina huzuni ya kunitosha.

Jumapili, 16 Julai

Siwezi kuandika. Naandika.

Tulianza vizuri. Mvua ya rasharasha, magari yamepambwa maua na maputo kwa ajili ya Bikira, honi kila upande. Nilitangulia kwa gia nzito, wote nyuma yangu. Raha iliyoje! Hata punda walinitazama kwa heshima. Halafu Anselmo akanipita, akisema taratibu Don Leo, bado mbali. Halafu wengine. Kisha Kona ya Punda.

Niliponda. Nilisimama juu ya pedali, nikauvuta usukani, nikamwita kila mtakatifu ninayemjua. Nikajaribu kulegeza gia, mnyororo ukalia kwa uchungu, ukakataa. Baiskeli ikasimama. Nikaanza kuanguka, polepole, kama nilivyozoea.

Nikalala barabarani ubavu ubavu. Lakini miguu! Miguu yote miwili kwenye pedali! Wanachama wakarudi, wakanizunguka. Anselmo akaniomba niinuke. Nikamwambia siinuki ng'o. Kiwiko kimegusa, nyonga imegusa, shavu limegusa. Sheria inasema mguu. Wakatazamana. Mmoja akasema kwa kweli mzee ana haki. Moyo ukanidunda kwa furaha! Anselmo akafikiri, akasema sawa, basi aendelee kutoka hapo alipo.

Nikajaribu kuendelea kutoka hapo nilipo. Sitaki kueleza zaidi. Msafara wa magari ukakwama nyuma, honi, honi, Padre kashika picha ya Bikira kwenye jipu la mbele akiuliza ni nani amefariki.

Ndipo akaja Obdulia. Amevaa ruana yake ya kijivu, lile blanketi la kujitanda mabegani, kikapu cha mikate ya mahindi mgongoni, miguu inazunguka haraka kama cherehani, hapumui kwa shida hata kidogo. Na nyuma ya baiskeli yake kuukuu, ile sahani ya supu! Akanizunguka bila kusimama. Akasema, Leovigildo mume wangu, mpishe Padre. Akaikata Kona ya Punda kama anakwenda kuchota maji, akapotea juu.

Wote walicheka. Anselmo hakucheka, na hiyo ndiyo iliyoniua. Alipiga magoti akanivua viatu mwenyewe. Soksi yangu ikagusa lami, kengele ya kanisa ikalia. Nilipandishwa kwenye pikapu. Nimegawa machungwa nikilia, na wasionijua wakadhani ni ibada.

Jumatatu, 17 Julai

Nafasi yangu chamani amepewa Obdulia. Hakuna aliyepinga. Akaja kuniambia kupitia mlangoni kwamba kama inaniuma ataikataa. Nikamwambia aichukue. Inaniuma. Duka sijafungua. Mteja mmoja aligonga akitaka rangi ya bluu, nikamwambia kupitia dirishani kwamba sina rangi yoyote tena maishani. Akaenda kwingine.

Alhamisi, 20 Julai

Sikukuu ya taifa. Obdulia aliniamsha mapema, akanivisha viatu vya kawaida, akanipandisha kwenye baiskeli yake. Alikuwa amekwisha kuniwekea kiti, si juu si chini. Chupa ya maji kaijaza maji ya sukari guru. Yeye akachukua yangu, akawa nyuma akinisemesha njia nzima. Zungusha tu, usigombane nayo. Kunywa. Badilisha sasa, kona inakuja. Legeza mikono, hakuna anayekunyang'anya usukani.

Nikapita Kona ya Punda. Niliipita nikiongea! Nilikuwa namwambia habari za bei ya tapentaini, nikashangaa kona iko nyuma. Nikafika kanisani bila kushuka. Baada ya miaka yote! Nililia tena, lakini kilio kingine, na Obdulia aliyefika akihema juu ya baiskeli yangu nzito akanishika mkono. Tukakaa kwenye ngazi, tukala mikate ya mahindi, mawingu chini yetu. Akanitazama kama anayengoja niseme neno.

Nami nilikuwa nawaza. Nimepanda Pizarra kwa baiskeli kuukuu ya mwanamke, kwa gia ya watawa, bila hata kuhema. Je, nikipewa gia ya mwanamume? Nguvu ninazo! Kumbe zilikuwemo siku zote, zilikosa tu gia nzito ya kutosha!

Tuliposhuka nimekwenda moja kwa moja kwa Fundi Wilches, nikamwagiza gia nzito kuliko ile ya kwanza. Aliniuliza mara mbili kama nina hakika. Nimemtaka Anselmo akiite chama chote Jumapili, wasimame Kona ya Punda, waone kwa macho yao. Nikarudi nyumbani nikamweleza Obdulia mpango mzima, mwanzo hadi mwisho.

Tangu mchana hajasema neno. Nadhani ni furaha.