Mti Unaozaa Vidonge

Jumatatu, 3 Juni
Leo ndiyo leo. Zahanati wako tayari kuuza unga wa majani anaousaga Mama mkwe kwa wanaoumwa kichwa. Sharti moja: maabara ipime kwanza kama dawa iliyomo inatosha. Mwanyumba wangu, yule aliyemwoa shemeji, akajitolea kuupeleka kwa gari lake. Nikamwahi. Nikasema gari ni lake, mkwe ni wangu pia. Mke wangu akaniambia nipeleke tu, nisiguse kitu. Ananijua vipi huyu mwanamke.

Jumanne, 4 Juni
Nimegusa. Nilifungua pakiti kidogo tu, ninuse. Vumbi tupu. Jasho likanitoka. Maabara wasipoona kitu, Mama ataificha wapi sura yake? Na mwanyumba atacheka mwaka mzima. Nikachukua vidonge vya kichwa kwenye mkoba wa mke wangu, nikavisaga kwa chupa, nikachanganya. Kazi si ni ileile, kutuliza kichwa? Sijadanganya. Nimechangia.

Jumatano, 5 Juni
Nimefikisha. Mpimaji, dada mmoja wa koti jeupe na miwani, akanieleza. Unga unapimwa kwenye mizani, unalowekwa kwenye spiriti, unachujwa, kisha mashine inatenganisha vilivyomo. Kila kitu kinachora kilima chake kwenye karatasi. Kitu kikiwa kingi, kilima kinakuwa kirefu. Nikamwambia ajiandae kupanda mlima. Hakucheka.

Ijumaa, 7 Juni
Aibu. Tulikwenda wote, mwanyumba kwenye usukani. Mpimaji akatandaza karatasi. Kilima cha majani kifupi, hakifiki kiwango. Pembeni yake, mlima. Akasema huo ni kidonge cha kiwandani, kwa hiyo ama tumegundua mti unaozaa vidonge, ama kuna mtu katia mkono. Mke wangu akafungua mkoba, akaufunga, akaniangalia. Mwanyumba akakohoa kwa raha zake. Nikatamani ardhi ipasuke.

Mama mkwe akasema kinu ni chake, huenda alisagia vidonge vyake humohumo, wausamehe uzee. Wakampa nafasi moja ya mwisho. Ikiharibika na hiyo, zahanati wanamfuta.

Nyumbani hakunigombeza. Aliniambia tu, "Mwanangu, unanipenda, ila unanipenda vibaya." Nikaenda kulia bafuni. Nampenda sana mama huyu.

Jumatano, 12 Juni
Safari hii pakiti Mama aliipakata mwenyewe njia nzima. Kilima kimoja tu, kirefu kupita kiwango! Mpimaji akasema vile vidonge ndivyo vilivyokula nafasi ya majani kwenye mizani, kilima cha kwanza kikawa kifupi. Nikajifanya nasoma tangazo ukutani. Zahanati wamekubali, ila kila mzigo mpya utapimwa. Mama akanishika mkono. Mbele ya mwanyumba kabisa.

Alhamisi, 13 Juni
Mama amenikabidhi kazi ya kuanika majani ya mzigo ujao. Chumba cha nyuma, kivulini. Niyageuze tu, basi. Heshima iliyoje. Na mimi nimekoma, sitatia tena kidonge kwenye dawa ya mtu.

Ila jioni mwanyumba kapita, kasema majani yamepauka, utadhani majani ya chai yaliyokwisha kazi. Imeniuma. Mama hastahili maneno hayo. Kabatini kuna rangi ya kijani ya keki, chupa karibu nzima. Nimenyunyiza. Rangi si dawa, haiwezi kuchora kilima.