Kuhusu Madirisha Yangu Yaliyo Wazi

Kwa kitinda mimba wangu, fundi wa kompyuta wa familia,

Daktari amenishauri nisianze kusoma kitabu kirefu, kwa hiyo natoboa siri mapema: tangu mvua zilizopita nimekuficha kwamba najua. Najua kuwa kila asubuhi, huko mbali uliko, unafungua ile skrini nyeusi isiyo na picha, unaandika amri ya mstari mmoja, na kompyuta yangu inakutajia bila haya vichwa vya madirisha yote niliyoyafungua. Kisha unawatumia ndugu zako. Nilimsikia mkamwana akivisoma jikoni kwenye simu, kwa sauti ya anayetangaza waliofaulu mtihani.

Mwanangu, mimi nilikuwa mkaguzi wa shule. Sikuwahi kusoma kibao cha getini nikageuza baiskeli. Niliingia, nikakaa dawati la nyuma, nikafunua madaftari. Wewe unaishia getini. Madhara yake ni haya:

1. Ulipoona "Vipimo vya jeneza la mtu mrefu", dada yako mkubwa alikuja na godoro, akalilaza mlangoni pangu. Usiku kucha aliniamsha kuniuliza kama nimelala.

2. Ulipoona "Barua kwa mjane wa ghorofa ya chini", shangazi yako, ambaye kwa sababu ya magoti hajapanda ngazi zangu tangu tumzike mama yako, alizipanda zote kuja kuzuia ndoa. Akashuka kumkagua mjane, wakapatana. Sasa wanakunywa chai yangu pamoja na kunisengenya mbele yangu. Juzi shangazi yako aliniambia, "Kaka, hata ungemposa angekukataa."

3. Ulipoona "Mgawanyo wa nyumba, rasimu ya mwisho", kaka zako wawili, wasiosalimiana, walifika asubuhi moja, kila mmoja na futikamba yake. Walipima sebule mimi nikiwa nimekaa ndani yake. Vipimo vilipogongana, ilibidi mmoja ashike ncha hii na mwingine ile. Nililazimika kuinua miguu. Mchana walikula sahani moja, wakinicheka.

4. Ulipoona "Pikipiki: masomo kwa wanaoanza", shemeji yako alificha funguo zote za nyumba, ukiwemo wa choo. Sina pikipiki. Choo ninacho, na nilikihitaji.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, amri hiyo ifutwe. Ikishindikana, wanaosoma vichwa wapigwe marufuku kuja kabla ya kusoma yaliyomo. Ikishindikana pia, nipewe nami amri ya kuorodhesha madirisha ya nyumba yako: lipi limefunguliwa, nani amesimama nyuma yake, na kwa nini halitazami huku. Haki ni kwa pande zote mbili. Nikikosa jibu nitapeleka shauri hili kwenye kikao cha familia, ambacho, kwa sababu ya amri yako, hakiondoki tena sebuleni kwangu.

Nisalimie mkeo, wakwe zako, majirani wenu, na yule mtoto ninayemjua kwa picha. Mwambie babu yake ni mtu mrefu.

Ni mimi baba yako, mkaguzi mstaafu, ninayehema hadi sasa kwa ushahidi wa dada yako.

Tanbihi: Usiifute amri. Sikuandika barua kwa mjane, wala sikugawa nyumba. Niligundua kwamba karatasi tupu ikihifadhiwa kwa jina lolote, jina hilo ndilo linalokufikia huko. Madirisha yote yalikuwa matupu, mwanangu. Kila jioni nilikuwa natunga kichwa cha kukuleta wewe, na kila asubuhi wanakuja wengine.