Siku Niliyobadilisha Diski Mbele ya Wamama

Leo nimepata aibu mbele ya wamama saba. Na wote ni wa korali, kwa hiyo Dominika parokia nzima itajua.

Laptop yangu ni muzee. Ukiiwasha asubuhi, unaweza kuwasha makala ya jiko, upike sombe, uoshe na sahani, nayo bado inafikiri. (Mimi ni mwalimu. Mushahara wangu nao unafika vilevile.) Jana fundi Bahati, mwenye kutengeneza mashini kule Kituku, akaniuzia diski mupya, ya mbio, na kunikopia kila kitu ndani. Akasema, "Mwalimu, niache nikuwekee mara moja." Nikakataa. Visi kumi na mbili, skrubu ndogo hivi, zinishinde mimi?

Sasa, nyumbani niko na mama mukubwa, dada ya mama yangu. Alikimbia vita Masisi, akafika hapa Goma na sufuria moja kichwani. Picha za arusi ya binti yake, za nyumba yake, za ng'ombe zake, zilibaki kwenye laptop yangu tu. Leo akaalika wamama wenzake waliokimbia naye, waje kuziona.

Wakanikuta bado nafungua. Wakakaa kwenye mukeka, wakaniangalia kama daktari anayepasua mutu. Ningefanya nini? Nikaanza kufundisha! "Hii ni batri. Hii ni feni." Nikavuta diski ya zamani, ikaponyoka, paf! kwenye simenti. "Si kitu," nikasema, "hiyo ni maiti." Ile mupya nikaiweka kwanza mufukoni mwa shati, nayo isianguke. Nikaendelea na somo. Nikafunga visi zote, hakuna hata moja iliyobaki! Wamama wakapiga vigelegele.

Nikawasha. Mashini ikajibu: hakuna diski.

Nikazima, nikawasha tena. Hakuna diski.

Mama mukubwa akauliza polepole, "Mutoto wangu, arusi iko wapi?"

Nikaokota diski ya zamani, nikaitikisa, ikalia kachakacha. "Mama, unisamehe. Nafikiri imepotea."

Mama moja akashika kichwa. Mwingine akaanzisha wimbo. (Ule wa kilio.)

Nikamupigia fundi, nikaweka simu kwa sauti kubwa ili wote wasikie kama kosa ni lake.

"Bahati! Diski yako imekufa!"

"Uliiingiza muzuri?"

"Mimi si mutoto!" Nikajipiga kifua. Ko!

Kifua cha mutu hakilii ko.

"Mwalimu? Uko hapo?"

Wimbo ukakatika. Nikaingiza vidole viwili mufukoni, nikaitoa. Mama mukubwa akainama kwenye simu. "Papa fundi, usisumbuke. Iko kwenye shati."

Fundi alicheka mpaka inite za simu yangu zikaisha. Mama wa kilio akalala kabisa kwenye mukeka, machozi ya kicheko yanamutoka.

Nikafungua tena visi kumi na mbili. Safari hii mama mukubwa ndiye alishika diski, na hakuniachia mpaka akaona kwa macho shimo la kuiingiza. Nikawasha. Yesu! Hata chai ilikuwa haijamiminwa, picha hizo hapo! Bibi arusi, milima, ng'ombe. Mama mukubwa akaita kila ng'ombe kwa jina lake, akicheka. Sijamuona akicheka hivyo tangu afike Goma.

Lakini nawaomba, musinicheke. Mukishindwa, basi mupange mustari nyuma ya mama mukubwa. Yeye bado hajamaliza.